Presha Imepanda? Fuata Nyayo Zake Hadi Mezani Pako

Huenda ulikwenda kituo cha afya kwa sababu ya jino, au ulimpeleka mtoto kudungwa sindano ya chanjo. Muuguzi akakufunga mkanda mkononi, akausoma mtambo, kisha akaandika 158/96 katika kadi yako. Hukuwa na maumivu wala kizunguzungu. Ulipanda ngazi za kituo hicho bila taabu. Hata hivyo, muuguzi alikutazama kwa makini akakuambia urudi wiki ijayo upimwe tena.

Hapo ndipo wengi wetu huanza kumtafuta mshtakiwa. Yupo anayemtaja mkubwa wake kazini. Yupo anayetaja msongamano wa magari, kodi ya nyumba au karo ya watoto. Mwingine husema ni ugonjwa wa ukoo, kwa kuwa babake pia alikuwa nao. Na wapo wanaonong'ona kwamba kuna jirani mwenye jicho baya. Ni wachache mno wanaoutaja mkebe wa chumvi ulio katikati ya meza, au saa wanayolala.

Msomaji, somo la leo ni jinsi ya kurudi nyuma kutoka kwenye matokeo usiyoyataka hadi kwenye mazoea yanayoyazaa. Tutatumia shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, kama mfano wetu. Ukiielewa njia hii, unaweza kuitumia pia kwa kiungulia, uzito uliozidi, usingizi wa mang'amung'amu, na hata maumivu ya mgongo.

NAMBA HIZO ZINASEMAJE?

Namba ya juu huonyesha nguvu ya damu katika mishipa wakati moyo unaposukuma. Namba ya chini huonyesha nguvu hiyo moyo unapotulia kati ya pigo moja na jingine. Kwa mtu mzima, kipimo kisichofika 120/80 huhesabiwa kuwa kizuri. Kikipimwa katika siku mbili tofauti na kukutwa kimefika 140 au zaidi juu, au 90 au zaidi chini, daktari husema mtu huyo ana shinikizo la damu.

Ubaya wa maradhi haya ni kimya chake. Mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi akifanya kazi na kucheka na wenzake, huku mishipa ikizidi kuwa migumu, moyo ukichoka na figo zikiharibika. Siku anapojua, pengine ni siku ya kiharusi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne, wa umri wa miaka 18 hadi 69, alikuwa na shinikizo la juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

WALIOSAFIRI NA DAMU ILE ILE

Kwa wanaosema kwamba kila kitu ni ukoo, kuna utafiti uliofanywa hapa hapa nchini mwetu ambao unafaa kujulikana na kila mkazi wa mjini. Ulichapishwa mwaka wa 1990 katika jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, na uliongozwa na Daktari Neil Poulter. Watafiti hao waliwafuatilia watu wa jamii ya Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya na kuja kuishi Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki kijijini.

Haikuchukua miaka mingi. Ndani ya miezi michache tu ya kuishi mjini, wastani wa shinikizo la damu la wahamiaji ulikuwa umewapita wale waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulipopimwa, ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi, ambayo ndiyo madini yaliyomo katika chumvi. Potasiamu, ambayo hupatikana kwa wingi katika mboga, matunda, viazi na maharagwe, ilikuwa imepungua.

Tafakari jambo hilo. Watu hawa walipanda basi wakiwa na damu ya baba na mama zao, wakashuka Nairobi wakiwa na damu ile ile. Kilichobadilika ni sahani, pamoja na mambo mengine ya maisha ya mjini. Ukoo unaweza kukuandalia kuni kavu, lakini mara nyingi mazoea ndiyo yanayowasha moto.

KWA NINI CHUMVI?

Mwili unahitaji chumvi kidogo. Ikizidi, huyavuta maji na kuyabakiza ndani ya mwili, na hivyo damu inayozunguka huongezeka. Fikiria mpira wa kumwagilia maji bustanini. Ukifungulia mfereji zaidi, mpira hukakamaa. Mishipa yako nayo hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe haipati siku ya kupumzika. Figo hujitahidi kuitoa chumvi iliyozidi, lakini kazi hiyo huwa ngumu zaidi mwili unapokosa potasiamu ya kutosha.

Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho ni cha siku nzima, pamoja na chumvi iliyomo katika mkate wa asubuhi na mchuzi wa jioni.

Chumvi haiko peke yake katika kesi hii. Uzito uliozidi huongeza shinikizo, na tafiti zimeonyesha kwamba kila kilo moja inayopungua hushusha namba ya juu kwa takriban alama moja. Pombe nyingi huipandisha. Kuketi kutwa nzima na kulala saa chache mno pia huchangia. Sigara nayo huiharibu mishipa ambayo tayari imeelemewa.

HATUA YA KWANZA: PATA NAMBA YA KWELI

Huwezi kufuata nyayo za kitu usichokiona. Kusema "najihisi vibaya siku hizi" hakutoshi. Pata kipimo, nacho kiwe kimechukuliwa vizuri. Nusu saa kabla ya kupimwa usinywe chai wala kahawa, wala usivute sigara. Nenda haja ndogo kwanza. Keti kimya kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, na mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Usizungumze mtambo unapofanya kazi. Pima mara mbili na uandike namba zote.

Usiseme kwamba huna nafasi ya kwenda hospitali. Maduka mengi ya dawa mjini hupima. Isitoshe, tangu mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanaozuru nyumba kwa nyumba wamepewa mikoba ya vifaa, na miongoni mwavyo kuna mtambo wa kupima shinikizo la damu. Muulize aliye katika mtaa wako.

HATUA YA PILI: DAFTARI LA SIKU SABA

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kwa siku saba usibadilishe chochote. Ishi ulivyozoea, ila andika. Kila unachokula na kunywa, andika saa, mahali, na kama uliongeza chumvi au sukari. Andika saa uliyolala na uliyoamka, dakika ulizotembea kwa miguu, chupa za pombe, sigara, na kila kidonge ulichomeza.

Kanuni ni moja: andika papo hapo. Usingoje jioni, kwani kumbukumbu ya jioni humpendelea mwenyewe. Mtu hukumbuka sukuma wiki aliyokula nyumbani na kusahau yai la kuchemsha lililotiwa kachumbari na chumvi pale kituo cha matatu. Husahau karanga za chumvi alizotafuna garini na soseji iliyokuja na chipsi.

Kuandika kwenyewe kuna faida. Nchini Marekani, utafiti uliotolewa mwaka wa 2008 uliwahusisha karibu watu 1,700 waliokuwa wakijaribu kupunguza uzito. Walioandika kila siku walichokula walipoteza uzito takriban maradufu ya wale ambao hawakuandika. Kalamu haina kalori wala dawa ndani yake. Inamfanya tu mtu auone mkono wake unapokwenda kwenye sahani.

HATUA YA TATU: ULIZA "KABLA YA HAPO?"

Siku saba zikiisha, keti na daftari lako na uanze kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Tuchukue mfano wa mhasibu wa miaka 42 anayeishi Kayole na kufanya kazi katikati ya jiji. Presha yake ni 152/94. Ameongeza kilo tisa katika miaka mitano. Akiulizwa sababu, jibu lake ni moja: "Ni mawazo."

Sasa daftari lizungumze. Kila jioni saa tatu hula sahani kubwa ya ugali na nyama, na huinyunyizia chumvi kabla ya kuonja. Kwa nini sahani kubwa hivyo? Kwa sababu huwa na njaa kali. Kabla ya hapo? Mchana alikula chipsi na soseji saa nane, akashushia soda. Kwa nini chipsi? Kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu na njaa ilikuwa imemlemea. Kabla ya hapo? Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kutia kitu tumboni. Kwa nini? Aliamka amechelewa. Kabla ya hapo? Alilala saa saba za usiku. Alikuwa akifanya nini? Alikuwa kitandani, simu mkononi, akitazama mabao ya mechi ambayo matokeo yake alikuwa ameshayajua.

Tazama tulikofika. Tulianzia kwenye mshipa wa damu, tukapitia kwenye sahani ya jioni na chipsi za mchana, tukaishia kwenye simu ya saa sita usiku. Mhasibu huyu angejilazimisha kuacha chipsi kwa nguvu tu, angeshindwa katika wiki ya pili, kwa maana njaa ya saa nane ingekuwa pale pale. Lakini akiiacha simu sebuleni na kulala saa nne, ataamka mapema. Atakunywa chai na kipande cha kiazi kitamu au nduma, atafunga chakula cha mchana katika mkebe, na njaa ya kichaa haitamkuta mlangoni pa kibanda cha chipsi.

Wala hakudanganya aliposema ni mawazo. Mawazo yapo. Ila "mawazo" ni neno lisilo na mpini, huwezi kulishika na kulifanyia kazi. Saa ya kulala ina mpini. Mkebe wa chumvi una mpini. Unaporudi nyuma, endelea kuuliza hadi ufike kwenye kitu unachoweza kukishika kwa mkono wako leo jioni.

HATUA YA NNE: PAKITI HAISEMI UONGO

Kuna njia rahisi ya kujua nyumba yako inakula chumvi kiasi gani bila kwenda maabara. Siku utakayofungua pakiti mpya, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Siku itakapoisha, hesabu.

Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Nyumba yenye watu wazima wanne, kila mmoja akila gramu 5, hutumia gramu 20 kwa siku. Pakiti hiyo ingedumu siku 25. Ikiwa kwako huisha kwa siku 14, basi mnatumia karibu gramu 36 kwa siku, ambazo ni karibu gramu 9 kwa kila mtu. Na hapo hamjahesabu chumvi ya mkate wa dukani wala ya vyakula vinavyoliwa nje. Kweli, chumvi nyingine humwagwa pamoja na maji ya kuchemshia, na wageni nao hula. Hesabu hii ni ya jikoni. Lakini inatosha kukuonyesha mnakoelekea.

Fanya hivyo hivyo kwa sukari. Kikomo kinachoshauriwa kwa mtu mzima wa kawaida ni takriban gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi asizidi nusu ya hizo. Pakiti ya kilo 2 katika nyumba ya watu wazima wanne isingepaswa kuisha kabla ya siku kumi. Ukumbuke pia kwamba soda nyingi za kola zina karibu gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa moja ya nusu lita inamaliza kikomo cha siku nzima kabla hujakoroga chai.

CHUMVI ILIYOJIFICHA

Watu wengi husema kwa dhati, "Mimi situmii chumvi nyingi." Huwa wanamaanisha kwamba hawaongezi mezani. Lakini chunguza haya:

Mkate wa dukani una chumvi ingawa ulimi hauisikii. Soseji, smoki na nyama za mkebe zina chumvi nyingi, kwa sababu ndiyo huzihifadhi. Unga na vidonge vya kukolezea mchuzi vina chumvi nyingi, na mpishi huongeza chumvi nyingine juu yake. Tambi za kupikwa kwa dakika mbili zina chumvi katika kile kipakiti kidogo cha viungo. Samaki wa ng'onda ameivishwa kwa chumvi.

Magadi, ambayo hulainisha maharagwe, githeri na mboga kama mrenda, nayo ni sodiamu. Haina ladha ya chumvi ya kawaida, lakini mwilini sodiamu yake huhesabiwa. Njia nzuri ni kuloweka maharagwe usiku kucha, kisha kuyapika bila magadi.

Mwisho kuna kabati la dawa. Vidonge vya kutuliza maumivu kama ibuprofen na diclofenac, ambavyo wengi humeza kila mgongo unapouma, vinaweza kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo vikitumiwa mara kwa mara. Ndiyo maana tulisema uandike kila kidonge. Mwonyeshe daktari daftari hilo.

HATUA YA TANO: BADILISHA KIDOGO, KISHA PIMA TENA

Usijaribu kubadilisha maisha yote Jumatatu moja. Chagua jambo moja au mawili yaliyojitokeza zaidi katika daftari lako na uyashike kwa wiki nne. Kisha pima tena, saa ile ile na kwa njia ile ile. Namba ikishuka, umeupata mmoja wa mizizi. Isiposhuka, umejifunza pia: rudi kwenye daftari na utafute nyayo nyingine.

Haya ni baadhi ya mabadiliko ambayo mkazi wa mjini anaweza kuyamudu. Ondoa mkebe wa chumvi mezani. Punguza chumvi jikoni kidogo kidogo, robo kwa robo, kwani ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa. Tumia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, dania na pilipili kuipa mboga ladha. Usiiache chumvi kabisa, kwa maana chumvi ya mezani inayouzwa nchini hutiwa aidini ambayo mwili unaihitaji.

Ongeza mboga na matunda: managu, terere, kunde, ndizi, machungwa, parachichi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 1997 na kujulikana kwa jina la DASH uliwalisha watu mboga na matunda kwa wingi pamoja na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Shinikizo lao lilishuka katika wiki chache, ingawa chumvi na uzito wao havikupunguzwa. Mwenye ugonjwa wa figo, hata hivyo, amuulize daktari wake kwanza, kwa kuwa potasiamu nyingi inaweza kumdhuru.

Tembea. Dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatimiza dakika 150 zinazoshauriwa. Shuka matatu vituo viwili kabla ya chako, mahali palipo salama, na umalize safari kwa miguu.

USIMLAUMU MPISHI

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Chumvi inayotiwa katika sufuria hailiwi na mgonjwa peke yake. Watoto wanaolelewa kwa chakula chenye chumvi kali huuzoesha ulimi wao hivyo, na watakwenda na ulimi huo hadi nyumba watakazoanzisha.

Lakini angalia usije ukatoka hospitalini na kwenda kumkaripia mkeo au msaidizi wa nyumbani: "Wewe ndiwe unayeniua na chumvi yako!" Huko ni kumtafuta mshtakiwa tena. Jiulize ni nani aliyenuna mwezi uliopita akisema mboga haina ladha. Ni nani huongeza chumvi kabla hajaonja? Mpishi hupika kinachosifiwa. Kaeni pamoja, mwonyeshe kadi yako, mkubaliane kijiko mtakachopimia, nawe uwe wa kwanza kuisifu mboga yenye chumvi kidogo.

YASIYO KOSA LAKO

Kuna methali nyingine isemayo mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Katika mambo ya maradhi, methali hiyo isitumiwe kumpiga mgonjwa. Umri huongeza presha, nawe hukuchagua mwaka wa kuzaliwa. Kuna waliorithi mwelekeo huo. Kuna ambao presha yao inatokana na ugonjwa wa figo au wa tezi. Kuna wanawake ambao hupanda presha wakiwa wajawazito, na hao wanahitaji kliniki mara moja. Mlinzi wa usiku hakujipangia saa zake za kulala, na mwenye kipato kidogo hununua kinachomshibisha kabla ya kinachomfaa.

Kuwajibika hakumaanishi kujihukumu. Maana yake ni kutenga mafungu mawili: yale yasiyo mikononi mwako, ambayo utampelekea daktari au utaishi nayo kwa busara, na yale yaliyo mikononi mwako, ambayo hakuna daktari awezaye kukufanyia. Hatia humlaza mtu kitandani. Wajibu humwamsha aende akaonje mboga kabla ya kuongeza chumvi.

Kwa sababu hiyo hiyo, usitupe dawa. Ikiwa daktari amekuandikia vidonge vya presha, vimeze kila siku hata unapojisikia mzima, na usiviache kwa kuwa namba imeshuka. Pengine imeshuka kwa sababu ya vidonge hivyo hivyo. Mabadiliko ya mazoea husaidiana na dawa, na ni daktari pekee anayeweza kupunguza kipimo chake.

Na kuna saa ambayo daftari huwekwa kando. Namba ikifika 180 juu au 110 chini, muone daktari siku hiyo hiyo. Ikiwa pamoja nayo kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma vikali, macho kutoona vizuri, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea au usemi kuvurugika, kimbilia hospitali bila kungoja hata dakika tano.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu haya kwa ukweli, ukiwa peke yako:

1. Je, unaijua namba ya presha yako, na ilipimwa lini?

2. Wiki hii, ni mara ngapi uliongeza chumvi kabla ya kuonja?

3. Pakiti ya chumvi iliyo jikoni mwako ilifunguliwa tarehe gani?

4. Jana ulitembea kwa miguu dakika ngapi bila kusimama?

5. Ni dawa gani ya maumivu umemeza zaidi ya mara mbili mwezi huu?

6. Saa moja kabla ya kulala huwa unafanya nini?

Kama maswali matatu au zaidi yamekushinda, hilo si jambo la kukutia aibu. Linaonyesha tu kwamba mazoea hayo yamekuwa yakifanya kazi gizani. Leo jioni chukua kalamu, uandike tarehe juu ya pakiti ya chumvi. Kesho asubuhi, fungua ukurasa wa kwanza wa daftari lako uandike saa uliyoamka. Na kabla ya wiki kuisha, mtafute wa kukupima.